Kwa nini gari la mwaka 1970 linajulikana mpaka Mbagala: kisa cha Dodge Charger

Mpwa wangu ana miaka 19 na hajawahi kuliona Dodge Charger la zamani, gari la Kimarekani, kwa macho yake. Hata mimi sijaliona. Lakini mchoree ubavu wake kwenye vumbi, ule mstari unaobonyea katikati kama kiuno kisha ukavimba tena juu ya tairi la nyuma, atakutajia mwenyewe kabla hujainua kidole: la Toretto hilo, yule shujaa wa filamu za The Fast and the Furious. Jioni moja alinionyesha kwenye simu habari za Charger jipya linalotumia umeme, akanitupia maswali matatu kwa mpigo. Mjomba, mbona lile kuukuu bei yake inashinda ya jipya? Ni kweli lina nguvu za farasi 900? Na kama filamu ndiyo iliyolipatia umaarufu, mbona kampuni haikuendelea kulitengeneza vilevile?

Siku ile nilimjibu harakaharaka, na nilimjibu vibaya. Nilimwambia filamu ni tangazo: watu wanaona, wanapenda, wananunua. Ndivyo wengi wetu tunavyoamini, na ndivyo mjadala unavyokwenda kila kijiweni panapozungumzwa magari. Baadaye nilikaa na takwimu za mauzo pamoja na tarehe za filamu zenyewe, nikaona mambo hayakwenda hivyo. Deni la jibu ninalilipa hapa.

Tuanze na jina la kundi ambalo Charger limo. Wamarekani wana aina ya gari wanaloliita gari la misuli. Ni gari la ukubwa wa kati, la milango miwili, lililofungwa injini kubwa iliyokusudiwa gari zito zaidi, na likauzwa kwa bei ambayo kijana mwenye ajira ya kawaida angeweza kuifikia. Injini ina silinda nane zilizopangwa safu mbili mfano wa herufi V, na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Pontiac GTO la mwaka 1964 ndilo ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza. Ukitaka kuushika ukubwa wa injini hizo, fikiria bodaboda ya cc 150. Injini kubwa ya kawaida ya Charger la 1968, toleo lake kali lililoitwa R/T, ilikuwa na takriban cc 7,200. Hizo ni bodaboda 48 chini ya boneti moja, au Vitz saba za cc 1,000.

Gari la misuli si gari la kifahari, na si gari la mashindano lenye kona kali. Kukunja kona hayakuwa hodari, na breki zake zilikuwa za kawaida. Yalijua jambo moja, kuondoka kwenye taa za barabarani na kumwacha mwenzako.

Zama zake zilikuwa fupi mno. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kampuni za bima zilianza kuwatoza vijana pesa nyingi kwa magari haya. Mwaka 1970 Marekani ikapitisha sheria kali ya hewa safi, injini zikaanza kupunguzwa nguvu. Oktoba 1973 nchi za Kiarabu zikazuia mafuta, foleni zikatanda kwenye vituo, na gari linalobugia mafuta namna ile likawa mzigo kwa mwenye nalo. Ukifika 1974 hadithi ilikuwa imekaribia kuisha. Shika mwaka huo, kwa sababu umaarufu mkubwa wa Charger kwenye televisheni ulikuja miaka mitano baadaye, wakati magari yenyewe yameshaanza kurundikana kwa wauza skrepa.

Filamu iliyokuja kuchelewa

Charger lilizaliwa mwaka 1966 na halikufanya vizuri sokoni. Mwaka 1967 yaliuzwa chini ya 16,000. Kwa mwaka wa 1968 likachorwa upya, likapata kile kiuno na uso wa ajabu: taa za mbele zimefichwa nyuma ya grili, kwa hiyo ukilitazama mchana unaona mdomo mmoja mrefu mweusi, hauna macho. Yakauzwa takriban 96,000.

Mwaka huohuo wa 1968 ilitoka filamu ya Bullitt, na hapo ndipo wengi hufunga hesabu: filamu imetoka, gari limeuzika, basi filamu imeliuza. Kipande cha kufukuzana kwenye mitaa ya San Francisco kinachukua karibu dakika kumi na moja. Mpelelezi, anayeigizwa na Steve McQueen, yuko ndani ya Ford Mustang la kijani. Wauaji wawili wako ndani ya Charger jeusi. Sehemu inayokaa kichwani ni ndogo sana. Dereva wa Charger, Bill Hickman, mtu aliyekuwa akiendesha magari ya filamu kama kazi yake hasa, anagundua kwamba anafuatwa. Hakurupuki. Anavuta mkanda, anaufunga kiunoni, kisha tairi zinalia. Tangu hapo hakuna mazungumzo, ni injini na breki tu. Ukihesabu utaona Charger linadondosha vifuniko vya magurudumu vingi kuliko magurudumu yake manne, kwa sababu matukio yaleyale yalipigwa kwa kamera kadhaa yakaunganishwa. Mhariri wa filamu hiyo, Frank P. Keller, alipewa Oscar, na kwangu mimi aliistahili kwa zile dakika kumi na moja peke yake.

Sasa tazama kalenda. Marekani gari la mwaka fulani huanza kuuzwa miezi kadhaa kabla ya mwaka wenyewe. La 1968 lilikuwa dukani tangu msimu wa mapukutiko wa 1967. Filamu ilitoka Oktoba 1968, wakati maduka yameshapokea toleo la 1969. Zile 96,000 zilikuwa zimeshauzwa. Na baada ya filamu? Mwaka 1969 yaliuzwa takriban 89,000, na 1970 yakashuka chini ya 50,000. Kufukuzana kwa magari kunakosifiwa kuliko kote katika historia ya sinema kulifuatwa na mauzo yaliyopungua.

Simaanishi kwamba Bullitt haikulifanyia gari kitu. Ililipatia tabia. Kabla ya hapo Charger lilikuwa gari zuri miongoni mwa magari mazuri. Baada ya hapo lilikuwa gari la watu wabaya, lisilo na macho, linalokufuata polepole kabla ya kukurukia. Hiyo haionekani kwenye daftari la muuzaji mwaka ule. Inakaa kichwani mwa mtu aliyeketi kwenye kiti cha sinema, na inaweza kukaa miaka thelathini.

Pale skrini ilipouza kweli

Kuna gari ambalo filamu ililiuza kweli, nalo ni Pontiac Trans Am. Mwaka 1977 ilitoka Smokey and the Bandit, kichekesho cha Burt Reynolds akikimbizana na polisi katika majimbo ya Kusini ndani ya Trans Am jeusi lenye ndege wa dhahabu kwenye boneti. Mwongozaji, Hal Needham, aliona picha ya gari hilo kabla halijaingia sokoni akawaendea Pontiac wenyewe kuwaomba. Mwaka 1976 yalikuwa yameuzwa zaidi ya 46,000. Mwaka 1977, zaidi ya 68,000. Mwaka 1978, zaidi ya 93,000. Mwaka 1979 yakavuka 117,000.

Mtu akikuonyesha tarakimu hizo peke yake utakubali mara moja. Ila rudi nyuma kidogo: mwaka 1975 yaliuzwa zaidi ya 27,000, kwa hiyo kutoka 1975 hadi 1976 mauzo yalikuwa yameshapanda kwa kasi, na filamu haijatoka. Washindani wake walikuwa wamekufa mmoja baada ya mwingine, na Trans Am lilikuwa miongoni mwa machache yaliyobaki na harufu ya zamani. Filamu ilimwaga mafuta kwenye moto ambao tayari ulikuwa unawaka. Kisha mwaka 1980 sehemu ya pili ya filamu ikatoka, na gari jipya la Trans Am ndani yake, nyota yuleyule. Mauzo ya mwaka huo yalianguka hadi takriban 50,000. Mafuta yalikuwa yamepanda tena, uchumi umebana. Sinema haimlipii mtu mafuta.

Kwa hiyo skrini huuza gari jipya pale mambo matatu yanapokutana: gari liko dukani wakati watu wanatoka ukumbini, bei inafikika, na tayari kulikuwa na hamu. Mwaka 2007 roboti la manjano la Transformers liligeuka Camaro ambalo halikuwa hata limeanza kuuzwa. Lilifika dukani 2009 likiwa na mashabiki wanaolisubiri. Hilo lilikuwa tangazo lililopangwa. Charger la zamani halikuwahi kupata kitu cha namna hiyo. Lenyewe lilipitia njia nyingine, ndefu na ya ajabu zaidi.

Kila Ijumaa, gari linaruka

Tarehe 26 Januari 1979 televisheni ya CBS ilianza kuonyesha tamthilia ya The Dukes of Hazzard. Binamu wawili wa kijijini wanahangaishwa na kiongozi mla rushwa wa wilaya yao na polisi wake, na kila wiki wanaponyoka kwa Charger la 1969 la rangi ya chungwa, lenye namba 01 mlangoni. Milango imechomelewa haifunguki, wanaingilia dirishani. Na karibu kila kipindi gari linaruka: mto, reli, lori la nyasi. Tamthilia ilidumu mpaka Februari 1985, zaidi ya vipindi 140.

Linganisha na Bullitt. Filamu unaitazama mara moja, labda mbili. Tamthilia inaingia sebuleni kwako kila wiki kwa miaka sita, na mtazamaji wake mkubwa ni mtoto. Gari lilikuwa na jina lake, General Lee, na honi yake yenye wimbo. Madukani kulikuwa na vigari vya kuchezea vya rangi ileile. Mtoto wa miaka minane hakujua Dodge ni nini, wala cc ni nini. Alimjua rafiki wa rangi ya chungwa anayeruka.

Na Dodge walipata nini? Karibu hawakupata kitu. Mwaka 1979 hapakuwa na Charger lolote jipya dukani. Kampuni mama, Chrysler, ilikuwa ukingoni mwa kufilisika, na Januari 1980 serikali ya Marekani ilipitisha dhamana ya mikopo ya dola bilioni 1.5 ili isizame. Jina la Charger liliporudi mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilibandikwa kwenye kigari kidogo cha silinda nne kinachovutwa na magurudumu ya mbele. Baba akimpeleka mtoto wake dukani kuangalia Charger, mtoto angelia. Hapo ndipo jibu langu la kwanza kwa mpwa wangu lilipovunjika kabisa: gari lilipata umaarufu wake mkubwa kuliko wote wakati lenyewe haliuzwi.

Kuruka kwenyewe kunastahili kuelezwa, kwa sababu watu wengi wanaamini gari lilitua likaendelea na safari. Chukua shoka, lirushe hewani. Kichwa cha chuma ndicho kitakachotangulia kushuka. Charger ni hivyohivyo: injini ya chuma iko mbele, nyuma kuna buti tupu. Likipaa, pua inazama. Ili kulisawazisha, mafundi walipakia uzito kwenye buti, na bado lilitua vibaya. Isitoshe, gari hili halina fremu iliyojitenga chini. Bodi ndiyo fremu. Likitua, bodi inajikunja, na gari limekwisha. Unaloona likiondoka baada ya vumbi kutulia ni gari lingine. Ruko la kwanza kabisa lilifanyika Georgia mnamo Novemba 1978. Gari lilipaa umbali wa futi 82, yaani mita 25, likaishia kutupwa kwenye yadi ya magari mabovu.

Kwa miaka yote sita inakadiriwa zaidi ya magari 250 yaliharibiwa namna hiyo. Wengine husema 300 na zaidi. Mwishoni yalikuwa magumu kupatikana, watengenezaji wakaanza kutumia picha za maruko ya zamani na vigari vidogo vya mfano. Pia walichukua Charger la 1968 au la 1970 wakalibadilisha grili na taa za nyuma ili lifanane na la 1969.

Hapa ndipo ilipozaliwa imani kwamba tamthilia ile ndiyo iliyomaliza Charger duniani, na ndiyo sababu ni ghali. Piga hesabu. Charger za 1969 peke yake zilikuwa takriban 89,000. Hata tukichukua 300 zote kuwa za mwaka huo, hazifiki nusu ya asilimia moja. Waliozimaliza ni kutu, ajali, na bei ya mafuta iliyowafanya watu wawauzie wenye skrepa gari zima kwa bei ya kutupa. Televisheni ilivunja chache mbele ya macho ya watu, na tunachokiona kikivunjika ndicho tunachokikumbuka.

Kuna jambo la General Lee ambalo siwezi kulipita. Juu ya paa lake palichorwa bendera ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga kati ya mwaka 1860 na 1861 ili kulinda utumwa, na jina lake ni la Robert E. Lee, jenerali wa jeshi hilo. Mamilioni ya watoto, wakiwemo weusi, walifundishwa kuipenda bendera ile kabla ya kujua ilimaanisha nini. Juni 2015 kijana mwenye chuki ya rangi aliwaua waumini tisa weusi kanisani Charleston, na picha zake akiwa na bendera hiyo zikasambaa. Baada ya hapo Warner Bros., wenye haki za tamthilia, walisitisha vigari vya kuchezea vyenye bendera hiyo, na kituo kilichokuwa kikirudia tamthilia kikaiondoa hewani. Lile gari la ruko la kwanza, ambalo lilikuwa limeokolewa yadi na kukarabatiwa, mcheza gofu Bubba Watson alilinunua mnadani mwaka 2012 kwa dola 110,000. Mwaka 2015 alitangaza kwamba ataifuta bendera ile na kupaka ya Marekani. Wapo waliolalamika kwamba anaharibu historia. Mimi ni mtu wa pwani hii, nimesimama Mkunazini, Zanzibar, palipokuwa soko la watumwa, mbele ya zile sanamu zilizofungwa minyororo shingoni, na naona alitamka jambo la haki. Skrini iliyolipatia gari upendo ililitwika na mzigo, na vyote viwili vilikuja kwa rangi ileile.

Kibandani, mwaka wa Toretto

Sisi huku General Lee hatukukua naye. Charger tulilijulia kibanda umiza. Miaka ya mwanzo ya 2000, benchi za mbao, jenereta linalonguruma nje, mfasiri ameshika maiki akitusimulia kila kinachosemwa na kuongeza vyake. The Fast and the Furious ilitoka 2001, na hadi ikafika kwetu kanda ilikuwa imeshachoka. Nakumbuka kitu kimoja waziwazi. Mfasiri yule hakuwa na tabia ya kunyamaza. Alifasiri hata muziki. Lakini Charger jeusi lilipowashwa, aliishusha maiki. Kibanda kizima kilisikiliza.

Ukiirudia filamu ile leo utashangaa jinsi gari lenyewe linavyoonekana kwa uchache. Kuna tukio la gereji, kuna mbio za mwisho hadi kwenye reli, kisha lori linaligonga, basi. Muda mwingi wa filamu ni magari ya Kijapani yenye taa za rangi chini. Kilicholifanya Charger libaki ni maneno ya gerejini kabla halijawashwa: kwamba Toretto na baba yake walilijenga pamoja, kwamba baba alikufa kwenye mashindano, na kwamba mwana, ambaye haogopi mtu, analiogopa gari lile. Ukishaambiwa hivyo, injini ikiwaka husikii injini peke yake.

Sasa zile nguvu za farasi 900. Injini kali kuliko zote iliyotoka kiwandani katika Charger la 1970 iliandikwa nguvu 425. Ili kufika 900 unahitaji pampu ya kusukumia hewa ndani ya injini. Kazi yake ni ile ya mvukuto wa mhunzi, unapuliza hewa zaidi ili moto uwake zaidi. Pampu hizo zipo na zinafanya kazi. Ile iliyochomoza juu ya boneti ya gari la filamu ilikuwa pambo. Na lile tukio la gari kuinua magurudumu ya mbele huku ya nyuma yakifuka moshi haliwezi kutokea barabarani: ili pua ipae, tairi za nyuma lazima ziing'ang'anie lami, na moshi ni dalili kwamba zinateleza. Wenye filamu walitumia vifaa vilivyofichwa chini. Mpwa wangu hili lilimuuma kidogo, lakini alilielewa haraka kuliko nilivyodhani. Ameshaona bodaboda zikiinuliwa, anajua tairi inayoteleza hainyanyui kitu.

Bei inatoka wapi

Fikiria jezi. Kuna jezi ambayo mchezaji aliivaa siku ya fainali, ina jasho na majani ya uwanjani. Kuna jezi halali ya dukani, msimu uleule. Halafu kuna ile ya Kariakoo iliyoshonwa ifanane. Magari ya skrini nayo yamegawanyika hivyohivyo (la Kariakoo ni lile lililopakwa rangi tu lifanane na la skrini), na kuchanganya makundi haya ndiko kunakofanya bei zionekane za uchawi.

Lililovaliwa fainali ni kama Mustang la Bullitt. Mwaka 1974 familia moja ililinunua kwa dola 6,000 kupitia tangazo, mama akawa analiendea kazini, alikuwa mwalimu. Mwaka 1977 McQueen mwenyewe aliwaandikia barua akiomba kulinunua tena. Hakuuziwa. Mwaka 1980 klachi ilikufa, gari likasukumwa pembeni likakaa miaka mingi. Januari 2020 lilipigwa mnada Florida, nyundo ikagonga kwenye dola milioni 3.4. Rangi yake ilikuwa imechoka, bodi ina mikwaruzo, na chini bado yalikuwepo mabaki ya vishikizo vya kamera. Hakuna aliyetaka yaondolewe. Pamoja na namba ya chesisi na barua ya McQueen, mabaki hayo ndiyo jasho kwenye jezi.

Jezi ya dukani ni Charger lolote la 1968 hadi 1970 lililobaki. Hili ndilo skrini inalolipandisha polepole. Mtoto aliyekuwa na miaka minane mwaka 1979 alifika miaka 35 mwaka 2006, ana kazi, ana gereji, watoto wameanza shule. Sasa anaweza kulipa. Hanunui chombo cha usafiri. Ananunua Ijumaa usiku sebuleni kwa wazazi wake. Umati wa watu wa umri mmoja ukifika kwenye uwezo mmoja kwa wakati mmoja, wakitafuta kitu ambacho hakitengenezwi tena, bei itafanya nini?

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa gari ambalo hata la misuli halisi si. Tamthilia ya Supernatural, iliyoanza 2005 na kwenda hadi 2020, iliwapa ndugu wawili Chevrolet Impala jeusi la 1967 la milango minne. Wakusanya magari walikuwa hawana habari na la milango minne. Walilinyofoa vipuri ili kutengeneza la milango miwili. Baada ya miaka kumi na tano ya tamthilia, lililokuwa likichinjwa ndilo linalotafutwa. Injini yake haikubadilika, wala umbo. Lilipata tu watu wa kulikumbuka.

Na sisi? Kenya kwa kawaida hairuhusu gari kuukuu lenye umri unaozidi miaka minane kuingizwa, na usukani lazima uwe kulia. Tanzania kuna ushuru wa uchakavu. Ndiyo maana Charger letu ni la kwenye matatu, limechorwa ubavuni kwa rangi ya kupuliza, na la kwenye simu.

Swali la tatu la mpwa wangu lilibaki: kwa nini hawakuendelea nalo. Walijaribu. Jina lilirudi tena kwa toleo la 2006, safari hii na milango minne, polisi wengi wa Marekani wakalitumia, mashabiki wa zamani wakanung'unika, lakini injini ya silinda nane ilikuwepo. Desemba 2023 la mwisho la aina hiyo lilitoka kiwandani Brampton, Kanada. Machi 2024 wakatangaza Charger la umeme. Gari la umeme linaondoka kwa kasi kuliko lolote kati ya yale ya 1970, bila kelele. Na Dodge, wakijua vizuri nani aliyelea mapenzi ya wateja wao, wameliwekea kifaa maalumu nyuma kinachotoa mngurumo.

Nilipomaliza kumweleza haya, alitafuta video ya hilo jipya, akaniomba nizime redio. Akaisikiliza mara mbili, simu sikioni. Kisha akafungua kile kipande cha gerejini cha mwaka 2001, akakicheza, akarudi kwenye la umeme, akarudi tena gerejini, na pale akabaki.